Vipimo 12 kwa Watu 81
Jinsi somo la uwiano na vipeo lilivyotoka darasani likaingia katika vita dhidi ya maradhi mjini Kigali

Nyabugogo huamka kabla ya jua. Katika bonde hilo la Kigali, upitako mto Nyabugogo utokao ziwa Muhazi na kwenda kujiunga na mto Nyabarongo, ndiko kilipo kituo cha mabasi kijulikanacho na wasafiri wa Rwanda nzima. Aendaye Huye upande wa kusini, aendaye Musanze upande wa kaskazini, aendaye Rubavu au Rusizi upande wa magharibi, wote hukutana hapo. Kinyarwanda na Kiswahili husikika vikipokezana baina ya makondakta, wachukuzi na wachuuzi, na kila mmoja wao, awe amesoma au hakusoma, anapiga hesabu kichwani.

Siku ya tarehe 14 Machi, 2020, serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amegunduliwa nchini. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na ilipofika tarehe 22 mwezi huo huo usafiri baina ya miji na wilaya ulisimamishwa. Nyabugogo, ambako jana yake mtu alipita kwa kusukumana, pakabaki sakafu tupu na askari wa zamu. Mabasi yaliruhusiwa tena mwezi wa Juni. Lakini katikati ya Agosti maradhi yalizuka masokoni, na masoko mawili makubwa ya Kigali yakafungwa. Moja kati ya hayo lilikuwa ni soko la Nyabugogo, lile ambalo watu hulitaja kwa jina la Kwa Mutangana, mahali ambapo viazi, nyanya na maharage ya mashamba ya mbali yalikuwa yakishushwa ili kuulisha mji.

Soko la namna hiyo likifungwa, hasara haiishii kwa mwenye kibanda. Mkulima hukosa pa kupeleka mzigo, mchukuzi hukosa kibarua, na mama wa nyumbani hukuta bei imepanda. Hivyo kila mtu alikuwa na swali moja: katika umati huu, nani mgonjwa na nani mzima? Angejulikana yule mmoja, wengine wote wangeweza kuendelea na kazi zao.

Swali lilikuwa jepesi, bali jibu lake lilikuwa ghali. Kipimo cha kuaminika kilihitaji mashine, wataalamu na vitendanishi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, wakati ambapo nchi tajiri zilikuwa zikivigombania. Kumpima kila mtu peke yake, na kumrudia tena na tena, lilikuwa ni jambo lisilowezekana.

Wakati huo alikuwako Kigali mwanahisabati mzaliwa wa Kameruni, Wilfred Ndifon, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, ambayo tawi lake la Rwanda lilifunguliwa mwaka 2016. Alishirikiana na Leon Mutesa, mtaalamu wa elimu ya urithi wa Chuo Kikuu cha Rwanda, pamoja na wenzao kadhaa. Wataalamu hao walibuni njia ya kuwapima watu wengi kwa vipimo vichache, na maelezo yake yakachapishwa mwezi wa Oktoba 2020 katika jarida la sayansi la Nature. Majaribio ya njia hiyo yaliingizwa kazini Rwanda na Afrika Kusini. Jambo linaloishangaza akili ni kwamba moyo wa njia hiyo ni masomo mawili ambayo mtoto hukutana nayo katika madarasa ya mwanzo ya sekondari, na ambayo aghalabu huyachukia: uwiano na kanuni za vipeo.

Uwiano wa sokoni

Uwiano hauna ugeni kwa mtu wa Nyabugogo. Mchuuzi anayeuza kilo moja ya viazi kwa bei fulani anajua kwamba kilo tatu ni mara tatu ya bei hiyo. Dereva anayejua kwamba gari lake hutumia lita 10 kwa kilomita 50 anajua pia kwamba kilomita 130 zitamtaka lita 26. Kitu kimoja kikipanda, cha pili hupanda nacho kwa kiasi kile kile. Huo ndio uwiano wa kwanza.

Upo pia uwiano wa kinyume, ambao mama wa nyumbani anaufahamu zaidi kuliko wengi. Sufuria ni moja, wageni wameongezeka. Fungu la kila mmoja litapungua. Walaji wakiwa mara mbili, fungu litakuwa nusu. Wakiwa mara tatu, fungu litakuwa theluthi. Kadhalika kijiko kimoja cha chumvi kikitiwa katika kikombe cha maji, ladha yake ni kali. Kikitiwa katika ndoo, haisikiki. Msomaji na auweke akilini mfano huo wa chumvi, maana utarudi mbele.

Kosa la 12 na 81

Vipeo ni habari nyingine. Hapa hatuongezi, bali tunazidisha namba kwa yenyewe. Wazee wa pwani walipopima nafaka walikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili ni pishi. Kwa hiyo pishi ni mbili mara mbili, yaani vibaba vinne. Katika daftari mwanafunzi huandika 2², na maana yake ni 2 × 2. Namba ndogo ya juu, ambayo mwanafalsafa Mfaransa René Descartes aliizoesha watu kuiandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1637, husema tu namba ya chini imeandikwa mara ngapi katika kuzidisha.

Mwalimu akiandika ubaoni 3⁴, wako wanafunzi watakaojibu upesi: 12. Wamechukua tatu wakaizidisha kwa nne. Jibu lililo sawa ni 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Hilo ni kosa la kila mwaka na la kila shule, na mtoto akisahihishwa kwa wino mwekundu huona kwamba ni ukorofi wa mwalimu tu. Je, kuna tofauti gani kubwa baina ya 12 na 81?

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inatafutwa Kigali mwaka 2020. Katika njia ya Ndifon na wenzake, 81 ni idadi ya watu, na 12 ni idadi ya vichupa vinavyotosha kumtambua mgonjwa mmoja aliye miongoni mwao.

Fikra ya askari

Wazo la kuchanganya sampuli za watu wengi halikuanza na korona. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa likiandikisha askari kwa mamilioni, na kila kuruta alipimwa damu ili kujua kama ana kaswende. Mtaalamu mmoja wa takwimu, Robert Dorfman, aliona kwamba wengi mno kati yao walikuwa wazima, na akapendekeza damu ya makuruta kadhaa ichanganywe katika kichupa kimoja. Mchanganyiko ukionekana safi, wote ni wazima kwa kipimo kimoja. Ukionekana na ugonjwa, ndipo wapimwe mmoja mmoja.

Ndifon na wenzake walikwenda mbele zaidi. Wao walitaka hata kundi lenye mgonjwa lisipimwe mmoja mmoja, na mtu wa jeshi atalielewa jambo hili upesi kuliko mwingine yeyote.

Tuseme ipo brigedi ya mfano yenye batalioni tatu. Kila batalioni ina kombania tatu, kila kombania ina platuni tatu, na kila platuni ina seksheni tatu. Seksheni zote ni 3 × 3 × 3 × 3, nazo ni 81. Kutoka kila seksheni atolewe askari mmoja kwa ajili ya kipimo. Askari hao ni 81, na kila mmoja ana anwani yake ya tarakimu nne: batalioni, kombania, platuni na seksheni. Aliye na anwani 2132 ametoka batalioni ya pili, kombania ya kwanza, platuni ya tatu, seksheni ya pili. Hakuna wawili wenye anwani moja.

Sasa sampuli ya kila askari igawanywe mafungu manne. Fungu la kwanza litiwe katika kichupa cha batalioni yake: vichupa hivyo ni vitatu. Fungu la pili litiwe katika kichupa cha kombania: kimoja cha kombania zote za kwanza, kimoja cha zote za pili, kimoja cha zote za tatu. Fungu la tatu liende katika vichupa vitatu vya platuni, na la nne katika vichupa vitatu vya seksheni. Jumla ya vichupa ni 3 × 4, yaani 12.

Ikiwa mgonjwa ni mmoja tu, katika kila vichupa vitatu kimoja kitaonyesha ugonjwa. Vichupa vikisema batalioni ya pili, kombania ya kwanza, platuni ya tatu, seksheni ya pili, basi mgonjwa ni 2132, naye hatafutwi tena. Askari wengine 80 warudi kazini.

Kanuni zenyewe

Katika mfano huo huo zimo kanuni zote ambazo mtoto hukaririshwa. Kwa kuwa katika Rwanda ya leo masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na nyumbani watu huzungumza Kinyarwanda au Kiswahili, ni vyema wazazi wazisikie kwa lugha wanayoijua.

Kanuni ya kwanza: vipeo vya namba moja vikizidishwa, namba ndogo za juu hujumlishwa. Tuchukue brigedi tatu za namna ile na kuziweka chini ya divisheni moja. Seksheni zitakuwa 3⁴ × 3¹, yaani 3⁵, nazo ni 243. Anwani imeongezeka tarakimu moja tu, na vichupa vimeongezeka vitatu tu, vikawa 15. Watu wamekuwa mara tatu, kazi imeongezeka kidogo. Hiyo ndiyo nguvu ya vipeo.

Kanuni ya pili: vikigawanywa, namba ndogo za juu hutolewa. Kila kichupa katika vile 12 kina theluthi ya askari wote. 3⁴ ÷ 3¹ ni 3³, yaani 27. Basi katika kila kichupa wamo watu 27.

Kanuni ya tatu: kipeo kikipandishwa kwa kipeo, namba hizo huzidishwa. Kombania ina seksheni tisa, ambazo ni 3². Nayo brigedi ina kombania tisa. Kwa hiyo brigedi ni (3²)², yaani 3⁴, tena ni 81 ile ile.

Kanuni ya nne ndiyo inayowatatiza wengi: namba yoyote isiyo sifuri, ikiwa na kipeo cha sifuri, ni moja. Watoto hudhani ni sifuri. Lakini tushuke ngazi za brigedi: 81, 27, 9, 3. Kila hatua tumegawanya kwa tatu. Hatua inayofuata baada ya 3 ni 1: ni seksheni yenyewe, isiyogawanywa tena. Kadhalika kibaba kwa kibaba ni 2⁰. Hakijazidishwa bado, nacho ni kimoja, wala si hewa.

Mahali pa kusimama

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa kuongeza vichupa vitatu kunatuongezea watu mara tatu, kwa nini tusiwachanganye watu 243, au 729, au mji mzima? Jibu halimo katika vipeo. Limo katika uwiano, na uwiano huo una sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ule mfano wa chumvi. Kwanza kabisa maabara huchanganya sampuli za kundi lote katika kichupa kimoja, ili kama kundi ni zima kazi iishie hapo. Watu wanavyozidi, fungu la mgonjwa katika mchanganyiko linapungua: huo ni uwiano wa kinyume. Watafiti hao waliripoti kwamba waliweza kuuona ugonjwa hata sampuli yake ilipozimuliwa mara 100 kwa sampuli za wazima. Watu 81 wako ndani ya mpaka huo. Watu 243 wameuvuka. Vipeo vinaruhusu, lakini uwiano unakataza.

Sehemu ya pili ni wingi wa wagonjwa. Tuseme katika watu 81,000 yupo mgonjwa mmoja kwa kila 1,000. Makundi ya watu 81 yatakuwa 1,000, na vipimo vya kwanza vitakuwa 1,000. Wagonjwa wote ni 81. Hata kila mmoja akiangukia kundi lake peke yake, makundi hayo 81 yatahitaji vichupa 12 kila moja, yaani 972. Jumla ni vipimo 1,972 badala ya 81,000. Bali maradhi yakienea hata kumfikia mtu mmoja katika kila 10, kundi la watu 81 litakuwa na wagonjwa kama wanane. Vichupa karibu vyote 12 vitaonyesha ugonjwa, na hakuna atakayejulikana. Hapo njia yenyewe haifai tena, na makundi hayana budi kupunguzwa. Ndiyo maana watafiti walieleza kwamba njia hii ni ya wakati ambapo wagonjwa ni wachache, na kwamba ukubwa wa kundi hutegemea uwiano wa wagonjwa katika jamii.

Kwa hiyo masomo hayo mawili, ambayo vitabu huyaweka katika sura mbalimbali, yalifanya kazi pamoja. Vipeo vilionyesha umbali ambao mtu anaweza kufika. Uwiano ulionyesha mahali pa kusimama. Mwenye kujua la kwanza bila la pili angewachanganya watu elfu katika kichupa kimoja na kutangaza kwamba mji ni salama. Mwenye kujua la pili bila la kwanza angebaki kupima mmoja mmoja hadi fedha zimwishie.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba adui mwenyewe alitumia vipeo. Mgonjwa mmoja akiwaambukiza wawili, na kila mmoja wao wawili wengine, katika hatua ya kumi wagonjwa wapya si 2 × 10, yaani 20, bali ni 2¹⁰, yaani 1,024. Aliyehesabu kwa kujumlisha alidhani muda upo. Aliyehesabu kwa vipeo alielewa kwa nini mabasi ya Nyabugogo yalisimamishwa wakati wagonjwa waliojulikana walikuwa bado wachache.

Somo la jikoni

Mambo haya yanaweza kufundishwa nyumbani bila gharama. Mzazi na achukue punje 27 za maharage na sinia tatu. Katika kila sinia apange mistari mitatu ya punje tatu tatu. Kabla ya kupanga, atie alama ya kalamu chini ya punje moja na kuifunika isionekane. Kisha mtoto aulize maswali tisa yaliyoandikwa tangu mwanzo: imo sinia ya kwanza? ya pili? ya tatu? imo mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu? ni ya kushoto, ya katikati, ya kulia? Mzazi ajibu ndiyo au siyo. Majibu matatu ya ndiyo yataionyesha punje hiyo bila kufunua nyingine yoyote.

Mtoto mwepesi atasema kwamba angeweza kuipata kwa maswali machache zaidi, akisubiri kila jibu kabla ya kuuliza swali la pili. Amesema kweli, naye apongezwe. Lakini aelezwe kwamba maabarani kila jibu huchukua saa nyingi, na mgonjwa asiyejulikana hukaa na watu muda wote huo. Ndiyo maana maswali yaliulizwa yote kwa pamoja.

Baada ya hapo mtoto aulizwe: tukiwa na seti tatu za sinia kama hizo, punje zitakuwa ngapi, na maswali yataongezeka mangapi? Akijibu 81 na matatu, ameijua kanuni ya kwanza ya vipeo, hata kama hajaikariri.

Leo kituo cha Nyabugogo kimejaa tena wasafiri. Mwanafunzi anayerudi shuleni hukaa dirishani akiwa na daftari lake la hisabati mapajani, na pengine katika ukurasa mmoja mwalimu amelikata jibu la 12 na kuandika juu yake 81. Akifika nyumbani siku za likizo, mzazi wake sasa anaweza kumweleza kwamba katika mji huo huo, mwaka 2020, watu walihangaika usiku na mchana kwa ajili ya tofauti ya namba hizo mbili. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Vipeo hukijaza mapema zaidi, na uwiano humwambia mpimaji kwamba kimejaa.